Chupa Yenye Jina la Severina

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni Severina Abrahamu Kalinga, aliyezaliwa Igowole, Mufindi, tarehe 14 Machi 1934, kifungua mimba wa mzee Abrahamu na mama Matilda. Mama alifariki mwaka 1951, baada ya miaka sita ya kutetemeka na kupotewa na akili. Majirani walisema amelogwa. Severina hakukubali hata siku moja.

Alisoma shule ya misheni Igowole, kisha Iringa, akamaliza darasa la nane mwaka 1950.

Mwaka 1954 aliajiriwa hospitalini Iringa, na mwaka 1970 akahamishiwa maabara, Mbeya. Huko daktari mmoja alikuwa akichunguza maradhi kama yale ya mama. Mgonjwa akifariki, na ndugu wakiridhia, vipande vya ubongo, ini na moyo vilihifadhiwa kwenye chupa, na Severina ndiye aliyeziandika majina. Daktari alishangaa: ugonjwa huu ni wa kurithi, na urithi ni uleule mwili mzima, mbona kinachoharibika ni ubongo tu? Severina akacheka.

"Kwetu baba akitoa amri tunaisikia wote, daktari. Anayeinuka ni mimi. Tadeo anajikuna tu."

Tadeo, mdogo wake, ndiye anayesoma wasifu huu, na habishi.

Tarehe 6 Mei 1961 alifunga ndoa na Lutengano, kanisani Mlandege, wakajaliwa binti mmoja, Esta. Lutengano alimtangulia mwaka 1973.

Mwaka 1975 kikombe cha chai kilianza kumcheza mkononi. Alijua kabla ya daktari. Akamwomba Tadeo, siku ikifika, atie sahihi ubongo wake ubaki Mbeya. Tadeo akafoka: "Simziki mtu nusu mimi!"

"Utanizika, mdogo wangu. Huo ubongo uache umtafutie Esta dawa."

Tadeo akamnunia miezi minne. Jamani, inauma kulisema hilo mbele ya jeneza.

Severina alifariki Mbeya, Jumanne tarehe 7 Agosti 1979. Maabara walimwonyesha Tadeo chupa tupu. Dada alikwisha kuibandika jina lake mwenyewe, herufi zikiyumba. Tadeo akaomba kalamu, akatia sahihi.

Ameacha mdogo wake, Tadeo, na binti yake, Esta, mwenye miaka kumi na sita. Mikono yao bado imetulia.

Pumzika kwa amani, dada. Amri tuliisikia wote, na safari hii pia uliyeinuka ni wewe.