Gebhard Zudrell na Bamba Lililoachwa Lipumue

Baada ya miaka thelathini na minane katika karakana yetu ya skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, hapa katika bonde la Montafon, Austria, Bwana Gebhard Zudrell anastaafu tarehe 31 Machi. Uongozi umeniomba niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi, ila meza yangu iko jirani na yake, na upweke nimeshaanza kuuonja.

Alianza kwa kunoa kingo za skii, kisha akahamia kwenye kitu tulichokidharau: bamba linalokaa kati ya skii na kifungio cha buti. Sisi tuliliona ni la kuinua buti tu, lisiguse theluji mtu anapoinama kwenye kona. Gebhard aling'ang'ania kwamba bamba likikazwa mbele na nyuma, skii inakakamaa chini ya mguu, haipindi, na kwenye barafu inakutupa. Likazwe mbele tu, alisema, nyuma liachiwe nafasi ya kusogea, lipumue. Tulimcheka sana. Kila tulipokaa kula mkate na nyama ya kukausha, fundi mwenzetu Ambros alimchokoza: "Vipi mzee, bamba lako limeshapumua leo?"

Yakaja mashindano ya bonde, na Gebhard akafunga mabamba ya vijana wetu washindani kwa njia yake. Asubuhi Ambros, mtu asiyevumilia skrubu iliyolegea, alipita na bisibisi akakaza zote za nyuma, kwa nia njema kabisa. Vijana wetu wakashuka kama waliofungiwa magogo. Gebhard hakugomba. Alizilegeza moja moja, na katika mzunguko wa pili vijana wakakata kona bila kuteleza. Jioni Ambros alinunulia watu bia, akakubali yaishe: "Haya, lipumue." Hadi leo mabamba yetu yote yanafungwa hivyo.

Sasa goti lake limekwisha, na anahamia kwa bintiye Lioba huko Burgenland, mashariki mwa Austria, eneo tambarare lenye mizabibu. Kwa mtu aliyeteleza tangu utotoni, huko ni mbali mno. Februari aliomba jambo moja tu: ashuke mlima mara ya mwisho, juu ya mabamba yake. Daktari alikubali kwa shingo upande.

Tulimsubiri chini. Alikuja taratibu, kwa kona pana, akasimama mbele yetu na hakuvua skii.

"Vua basi, mzee, tunaganda," Ambros alimwambia.

"Niacheni kidogo. Bado mlima uko miguuni."

Tukasimama naye mpaka lifti za kupandisha watu mlimani zikazimwa. Ambros mwenyewe alikuwa akifuta macho.

Gebhard, asante kwa kazi yako na kwa subira uliyotuvumilia nayo. Tunakutakia afya, utulivu na zabibu tamu kwa Lioba. Theluji ya kwanza ikianguka tutakupigia simu kutoka juu mlimani. Tunajua itakuuma. Pokea tu.