Miaka Arobaini Bila Ghughri: Rambhaben Anastaafu

Tarehe 31 Januari 2025, baada ya kuwatumikia ng'ombe wetu kwa miaka thelathini na sita, pamoja na sisi wenye ng'ombe ambao ni wakaidi zaidi, Rambhaben Chaudhari, mshauri wa malisho wa Chama cha Maziwa cha Kotharpura, anastaafu. Mimi Ishvarbhai, mpima mafuta ya maziwa, nimepewa ukurasa mmoja wa kumweleza. Ukurasa mmoja! Jamani, hautoshi hata kwa aliyoyafanya kwa Somabhai peke yake.

Basi tuanze na huyo huyo Somabhai. Alinijia juu mbele ya foleni nzima, eti mashine yangu inaiba mafuta ya maziwa yake. Rambhaben hakubishana naye. Alikwenda bandani kwake, akaokota kinyesi cha ng'ombe kwa mkono mtupu, akakibonyeza, akakuta punje nzima za nafaka. Akamwambia, "Kaka, umemjaza mashudu na nafaka, makapi ya kutafuna hana. Anacheua nini huyu, hewa?" Somabhai akaamriwa kukata majani makavu, kuchanganya na mabichi, kupunguza mashudu kidogo kidogo, na kuacha maji horini kutwa kucha. Baada ya wiki tatu mafuta yalipanda, naye akaja kuivisha mashine yangu shada la maua. Mimi sikupewa hata ua moja.

Huyo ndiye Rambhaben. Kwenye harusi ya mpwa wangu, bibi harusi anaingia, ngoma zinalia, yeye kachuchumaa nyuma ya ua akihesabu ng'ombe wa jirani anatafuna mara ngapi kabla ya kumeza. "Hamsini na nane," akanitangazia kwa furaha. "Huyu mzima!" Wanawake waliokuwa wakimcheka siku hiyo ndio leo wanaohesabu kuliko yeye, na kila mmoja ana kopo la chumvi ya madini karibu na hori.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hamlijui, na ameniruhusu nilisimulie. Mmemwona kila Uttarayan, sikukuu yetu ya katikati ya Januari, vishada vimejaa angani, sisi tunabugia ghughri, ngano na mtama uliochemshwa na kutiwa sukari guru, na yeye hagusi. Tulidhani ana kisukari. Kumbe ana nadhiri.

Alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, ana umri wa miaka kumi na tisa, Uttarayan ya mwaka 1985. Siku hiyo, kama mnavyojua, kila nyumba humlisha ng'ombe ghughri ili kupata thawabu. Naye kwa moyo wake wote akampa ng'ombe wa mama mkwe wake ndoo nzima. Nafaka nyingi kwa mkupuo huchacha tumboni. Ng'ombe akavimba, akalala, na kesho yake akafa. Ndiye aliyekuwa ng'ombe wao wa pekee. Mama mkwe hakumgombeza. Aliosha hori tu, akaligeuza kifudifudi. Rambhaben akaapa hapo hapo kwamba hatatia ghughri mdomoni mpaka Uttarayan moja ipite Kotharpura bila ng'ombe hata mmoja kuanguka.

Miaka minne baadaye akaajiriwa hapa, na mwaka huo wa kwanza daftari la daktari wa mifugo liliandika wagonjwa kumi na mmoja siku ya Uttarayan. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Loo, alitukanwa! Shangazi yetu Jivtiben, mwenye sufuria la shaba kubwa kuliko yote kijijini, alimkemea mlangoni: "We binti, unanizuia thawabu yangu? Dini gani hiyo ya kumnyima ng'ombe chakula?" Rambhaben akajibu, "Simnyimi, shangazi. Mpe majani mabichi mpaka ayakimbie. Nani kakuambia Mungu hapokei majani?" Jivtiben akafunga mlango. Mwaka uliofuata alipika ghughri nyingi zaidi, kusudi.

Wagonjwa wakapungua hata hivyo. Saba, wanne, wawili. Mwaka jana akabaki mmoja, na alikuwa wa Jivtiben! Rambhaben alimnywesha magadi na mafuta, akamtembeza uani hadi akabeua, na Jivtiben akawa analia waziwazi. Siku hiyo sufuria la shaba liliwekwa darini.

Ikabaki Uttarayan moja tu kabla ya kustaafu. Wiki mbili zilizopita alisimamisha mkokoteni wa majani njia panda: mgeni anayekuja na ghughri ya ng'ombe anaiacha, anachukua fungu la majani, anakwenda kulisha na kupata thawabu yake. Na mlinzi wa mkokoteni alikuwa nani? Jivtiben mwenyewe, na fimbo mkononi! "Nafaka weka hapa," aliwafokea watu wa mjini. "Unataka kuua?"

Saa kumi jioni simu ikalia. Ni mkwe wa Jivtiben, fundi wa almasi kutoka Surat. "Ng'ombe wa mama kalala! Tumbo limevimba! Anagumia!" Sijawahi kuona uso ukibadilika vile. Rambhaben alikimbia bila viatu, mimi nyuma yake na kopo la magadi. Miaka arobaini, jamani, na siku imebaki saa mbili!

Alifika, akapiga magoti, akainua mkia. Kisha akaangua kicheko mpaka akaketi chini. "Mkwe wetu," alisema, "huu si mtama. Mtama hauna kwato!" Vijiguu viwili vilikuwa vimechungulia. Tukamvuta ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe usoni, na ndani ya nusu saa akawa ameshasimama anatafuta chuchu.

Jua lilipozama, daktari alifungua daftari na kuandika mbele yetu sote: Uttarayan, wagonjwa hakuna. Rambhaben aliligusa neno hilo kwa kidole, akalia, nasi tukalia naye.

Asante, dada, kwa maziwa mazito, kwa ndama wazima, na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na ng'ombe wachache wa kuhesabu kwa raha zako. Hotuba zikiisha, msiondoke. Sufuria la shaba limeshushwa kutoka darini, lipo jikoni sasa hivi, na ghughri iliyomo ni ya wenye miguu miwili tu. Konzi ya kwanza ameishika Jivtiben mwenyewe. Fungua kinywa, dada.