Yuko Njiani: Vitabu Arobaini na Kimoja vya Cephas Ogweno

Mchungaji, wazee wa ukoo, mama zetu mlioketi chini ya hema, majirani, na nyinyi mliosimama juani kwa sababu viti vimekwisha, nawaamkia kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake. Mimi ni Lynnet, kitinda mimba wa marehemu, na mama amenituma nisome maisha ya baba. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo naomba mtulie. Karatasi niliyopewa na kamati nisome nimeirudisha, kwa sababu ina makosa kumi na manne ya tahajia, na mengine ambayo si ya tahajia, na hii ninayosoma nimeiandika kwa mkono wangu, nyingi za tarehe zake zikitoka katika vitabu vya baba, ambaye tangu mwaka wa 1990 aliandika tarehe chini ya kila picha aliyoichora.

Vitabu hivyo ni arobaini na kimoja, navyo ndivyo vilivyojadiliwa Jumanne iliyopita, tarehe 8 Julai 2025, katika mkutano wa familia ulioitishwa na kaka yake baba, baba mkubwa Nicholas, ambapo iliamuliwa vitiwe katika sanduku na kuzikwa pamoja na baba, kwa sababu, ilisemwa, picha za watu hazifai kubaki katika nyumba ya marehemu, zinaita mambo. Mama alipouliza zinaita mambo gani, aliambiwa, "Bhoke, wewe hizi mila huzijui," ingawa amepika katika boma hili miaka thelathini na miwili, na waliokuwa wakimwambia hivyo walikuwa na sahani zake mikononi. Sanduku ndilo lile pale, chini ya jeneza, limepigiliwa misumari, na leo litateremshwa kaburini. Nitalirudia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1967 katika kijiji hiki, karibu na Rodi Kopany, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Amimo na marehemu mama Dorina, akimfuata baba mkubwa Nicholas kwa miaka mitano. Jina lake ni Cephas, yaani C, e, p, h, a, s. Nalitaja herufi kwa herufi kwa sababu bango lililopigwa chapa mjini na kutundikwa langoni linasema Cephus, na fulana za kamati nazo zinasema Cephus, kwa hiyo leo watu sitini wamevaa kifuani maombolezo ya mtu nisiyemjua.

Alijiunga na shule ya msingi mwezi wa Januari 1974, akatoka akiwa darasa la nne mwaka wa 1977, baada ya kumchora mwalimu mkuu akiwa korongo mwenye upara, picha ambayo darasa zima lilimtambua mwenyewe kabla hajaonyeshwa. Kilichomshinda shuleni hakikuwa akili, zilikuwa herufi, kwa sababu yeye kila herufi aliiona kama picha, na kikombe hata ukikigeuza bado ni kikombe, lakini herufi ukiigeuza unachapwa.

Mwaka wa 1989 alikwenda Masara kufanya kazi katika mashimo ya dhahabu ya baba mkubwa, naye aliteremka shimoni miaka minne, akavuta vumbi la mawe kama wenzake, na wakati wa mapumziko, wenzake wakilala, alichora miguu yao. Kitabu cha kwanza alikishona mwezi wa Februari 1990. Hakikuwa cha dukani, wala hakuna kati ya hivi vyote kilichonunuliwa, kwa maana alichukua mifuko ya saruji iliyotupwa, akatoa ile karatasi ya ndani, akaiosha, akaianika, akailalishia mawe bapa ili inyooke, akaikata kwa panga na kuishona kwa uzi wa nyavu. Rangi yake nyeusi ilikuwa makaa, ya kahawia ilikuwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa, nyekundu ni udongo wa machimbo ya Osiri, na mbingu zote za baba ni buluu ya kufulia nguo. Sheria zake zilikuwa mbili, kwanza kuchora kabla ya kula, pili kutochana ukurasa hata picha ikiharibika, kwa sababu alisema picha mbaya lazima ibaki ikuangalie mpaka uone haya.

Tarehe 16 Agosti 1993 baba mkubwa alikikuta kitabu cha nne juu ya ndoo, akakisoma huku akicheka mbele ya wachimbaji, akasema, "Cephas, hapa unachimba ama unachora? Mtu mzima mwenye ndevu anachora miguu ya wanaume." Baba alitoka Masara siku hiyo hiyo, na mali pekee aliyotoka nayo ilikuwa vitabu vinne na yale mawe saba bapa ya kunyooshea karatasi, ambayo hayakuwa na dhahabu, ndiyo maana hakuzuiwa kuyabeba.

Tangu hapo hadi alipougua alifanya kazi ya kuandika vibao vya maduka na kuchora kuta, kutoka Migori hadi Homa Bay. Karatasi ya kamati imemwita mfanyabiashara na mkandarasi wa rangi, nadhani kwa sababu neno mchoraji liliwatia aibu. Wengi wenu mnamkumbuka kwa kibao kimoja tu, cha mwaka wa 2010, ambapo aliambiwa aandike Duka la Dawa, akaandika Duka la Dada, na kisa hicho baba mkubwa amekisimulia katika kila harusi na kila matanga kwa miaka kumi na mitano, mpaka wengine mnacheka kabla hajafika mwisho. Hamkukumbuka kwamba juu ya maneno hayo alikuwa amechora mama akimnywesha mtoto dawa, na mtoto amekunja uso vile ambavyo watoto wote hukunja, na kwamba wagonjwa hawakupotea hata mmoja. Kuanzia mwaka huo, nikiwa darasa la nne, mimi nilimwandikia maneno kwenye karatasi naye akayanakili ukutani, na hakuna kibao chake kilichokosewa tena. Wasiojua herufi wana udhuru. Waliopiga chapa bango la langoni walikuwa na kompyuta.

Kuna hoteli moja mjini Migori ambayo mwenyewe alitaka ukutani nyumba ya mbao katikati ya theluji, na baba, ambaye hakuwahi kuiona theluji na hakuona kwa nini mla ugali aitazame, aliichora kwa sababu sisi tulikuwa tunataka kula, lakini pale nyuma ya nyumba, ndani ya theluji, ameweka korongo mmoja wa soko la samaki la Homa Bay, amesimama kwa mguu mmoja, anasubiri matumbo ya samaki. Wateja wamekula mbele ya korongo huyo miaka tisa bila kumwona. Baba alisema watu hawaangalii, wanapitisha macho tu kama mtu anayefuta meza.

Mwaka wa 2019 alikuja mgeni kutoka jijini mwenye kamera mbili, akaketi hapa siku nzima akiuliza jambo moja tu, "Mzee, msukumo wako unautoa wapi?" Baba alimjibu, "Msukumo ni wa mkokoteni. Mimi naangalia." Mgeni aliandika jibu hilo, akaomba aazime vitabu vitatu, akanyimwa, na hakurudi. Basi nyinyi ambao tangu juzi mnaniuliza, "Kumbe mzee alikuwa msanii, alikuwa anapata wapi hayo mawazo?" jibu ni kwamba aliyapata kwenu. Kitabu cha kumi na mbili ni wanawake wanaoanika omena, mgongo mmoja umechorwa mara ishirini, kwa sababu alisema mara sita za kwanza unachora kile unachodhani unakijua. Kitabu cha kumi na tisa ni mikono ya watu wanaongoja kwa chifu. Mlikuwa mkimpita akiwa ameketi chini ya ukuta, mkisema kwa Dholuo, mkidhani hasikii, kwamba yule amekosa kazi, na wakati huo huo alikuwa akiwafanya muwepo.

Marehemu alimuoa mama yetu, Bhoke, tarehe 12 Desemba 1992. Alimwona mara ya kwanza huko Osiri, akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, na katika kitabu cha tatu kuna mikono yake mara tisa kabla uso wake haujatokea hata mara moja, na mama husema, "Alijua mikono yangu kabla ya jina langu, nikaona huyu hatanidanganya." Upande huu hakuna aliyekwenda Ukuria, kwao mama, kupeleka posa isipokuwa marehemu bibi Dorina, na leo karatasi ya kamati inasema ndoa hiyo iliunganisha jamii mbili kwa baraka za familia nzima.

Walijaliwa watoto watatu, Oliver aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1994, Celestine tarehe 21 Septemba 1997, na mimi tarehe 30 Januari 2001. Kila mmoja ana kitabu chake, na changu kimejaa picha zangu nikifanya kazi ya shule, ulimi ukiwa nje. Ameacha pia wajukuu wanne, na wa mwisho, Cate, ndiye huyu niliyembeba.

Mwezi wa Novemba 2024 alianza kukohoa bila kupumzika, na daktari akasema ni vumbi la mawe lililolala mapafuni tangu ujana. Jumanne tarehe 3 Juni 2025 alilazwa hospitalini, upande huu wa Homa Bay, kitanda karibu na dirisha, na aliomba vitu viwili, mwanga na kitabu cha arobaini na kimoja. Pembeni mwa kitanda palikuwa na kiti cha plastiki, cha kijani, na baba aliweka utaratibu kwamba yeyote atakayekikalia anachorwa. Sista Edith alipoiona picha yake aliuliza, "Mzee, kwa nini umenipa pua kubwa hivi?" naye akamjibu, "Pua ni yako, sista, mimi nimeazima tu."

Kaka yake alipiga simu kila baada ya siku mbili. Alisema, "Cephas, niko njiani, niko hapa Rodi, nakula samaki kidogo nije." Akasema, "Niko njiani, gari liko kwa makanika." Akasema, "Niko njiani, usilale." Baba alikuwa akinyoa ndevu kwa ajili yake. Kila ilipofika jioni bila mtu, alikichora kiti kitupu, na chini yake akataka kuandika, akaniuliza, "Lynnet, njiani inaanza na j ama nj?" Nikamwambia, "Nj, baba." Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Basi huyu ndugu yangu amekwama kwa hiyo nj." Viti hivyo vitupu ni kumi na kimoja, kila kimoja na tarehe yake, na chini ya kila kimoja kumeandikwa Yuko njiani, bila kosa hata moja. Katika kile cha mwisho, cha tarehe 25 Juni, kiti kimegeuzwa kinaangalia mlango.

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane. Baba mkubwa alifika saa nane mchana na gari la maiti, na tulipokuwa tukikusanya vitu alikifungua kitabu cha arobaini na kimoja, akageuza kurasa hadi mwisho, akakifunga. Baada ya hapo ndipo mila ya picha kuita mambo ilipokumbukwa. Ukurasa wa pili wa karatasi ya kamati unasema kwamba alimuuguza ndugu yake hadi dakika ya mwisho.

Kwa hiyo shukrani za familia sitazitoa kwa kubahatisha, nitazitoa kwa kitabu, kama nilivyozikuta humo. Tunawashukuru madaktari wawili waliochorwa tarehe 4 na tarehe 11. Tunamshukuru sista Edith, kurasa saba. Tunamshukuru jirani yetu Mogire, muuza makaa, aliyekuja kila Jumapili na makaa ya kuchorea yaliyochambuliwa. Tunamshukuru Wesley, fundi mwenzake wa vibao, aliyeketi kutwa nzima ya tarehe 19 bila kusema kitu. Tunamshukuru mama aliyekuwa akipiga deki, ambaye jina lake hatukulipata lakini viatu vyake tunavyo. Ambao sikuwataja, si kwamba nimewasahau.

Na sasa lile sanduku. Vijana wanne waliolibeba jana walisema elimu ni nzito. Si elimu, ni mawe. Ni yale mawe saba bapa ya Masara, niliyoyatia mimi mwenyewe siku ya Alhamisi na kupigilia misumari, kwa sababu sijui kubishana na wazee mkutanoni. Mawe hayo yalilalia karatasi zake miaka thelathini na mitano ili zinyooke, na ni haki yaende kulala naye. Vitabu vyote arobaini na kimoja viko kwa mama, na vitakaa katika nyumba yake, na mwenye kutaka kujiona aje mchana, anawe mikono, afungue. Ikiwa vitaita mambo, mambo yanajua njia.

Baba, kiti cha kijani kama kile cha hospitalini kiko hapa mstari wa mbele, na kimekaliwa. Aliyekuwa njiani amefika. Usinyanyuke, pumzika kwa amani.