Ukuta wa Elinaza

Wasikilizaji wapendwa, katika Toronto nzima hakuna mtangazaji wa Kiswahili anayenishinda Jumamosi asubuhi. Ni kweli tupu. Saa hii kipindi cha Kiswahili ni hiki kimoja tu.

Leo tunamkumbuka Dokta Elinaza Mshana, binti yetu wa mtaa wa Weston, mtafiti wa miji ya kale ya China. Ametutoka mwezi uliopita, Oktoba 2017. Mtoto wa Kipare, kazaliwa Same, kasimama mbele ya wasomi wa Kichina akawaeleza kuta za mababu zao, nao wakaandika! Nikilisema hilo natembea kifua mbele, utadhani nilichimba mimi.

Baba yake, Mzee Gerishon, yuko nami hapa studio. Yeye alitaka binti asomee famasia. Siku moja mwaka 2004 alirudi kutoka kazini akamkuta roshani, ghorofa ya saba, kashika mchi wa mama yake, anashindilia udongo katikati ya mbao. Tabaka juu ya tabaka. Ndivyo ulivyojengwa ukuta wa mji wa Zhengzhou, China, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, enzi ya wafalme wa Shang. Elinaza alitaka mikono yake iijue kazi ile.

"Nimekuvusha bahari uje kutwanga udongo?" Mzee akauliza.

"Baba, hebu nishikie ubao huo."

Hakushika. Jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Kaukuta kale kalisimama miaka mitatu, theluji na yote. Kila Novemba kalifunikwa nailoni. Nani alikafunika? Mzee anasema ni upepo. Upepo wa Weston, wasikilizaji, unajua kupiga fundo.

Elinaza akapata udaktari wake. Kiangazi alichimba China. Kila Februari alihutubia kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Alitamani jambo moja tu: baba yake aje amsikie. Jambo moja. Mama yake, Bi Josephine, anasema: "Kila mwaka alimwalika. Kila mwaka baba mtu ana kamati ya kanisa. Kamati gani hiyo, kila Februari?"

"Sikukanyaga pale," Mzee anakazia. "Hata mara moja."

Tunawapa pole Mzee Gerishon, Bi Josephine na ukoo wote wa Mshana. Nanyi mlio majumbani, tafakarini: mtoto wako anajenga nini huko roshani, na ubao umemshikia?

Kabla hatujaagana, Sidra, fundi wa sauti wa ukumbi ule, ametuletea kanda. Sidra ni mzaliwa wa Mississauga, Kiswahili hakijui. Anasema Elinaza alimaliza kila hotuba kwa maneno yaleyale, macho kwenye viti vya nyuma kabisa. Siku zote Sidra alidhani ni dua ya Kichina. Sikilizeni.

*"Baba, funga koti. Nje baridi."*

Mzee kainamisha kichwa.

"Mzee Gerishon, hapo alikuwa anaambiwa nani?"

"Nitajuaje? Mimi sikuwepo."

"Haya. Na koti?"

"Nililifunga," anasema. "Kila mara nililifunga."