Mama Yenu Harithiwi

Zimeni kwanza hiyo redio, na wewe Nestory ondoa hiyo soda miguuni kabla hujaipiga teke, kisha msogee, kwa sababu sauti yangu haifiki tena mlangoni na sina nguvu ya kurudia. Ndalahwa, mdogo wangu, na wewe ingia ndani, usikae kizingitini kama mgeni. Mengi ya leo yanakuhusu. Daktari amesema aliyosema, nami nimemwelewa vizuri kuliko ninyi mnaonong'ona ukumbini. Mimi Yakobo Malimi naondoka. Siogopi. Nimekereka tu, tena nimekereka sana, na sitaki kwenda na kero hii kaburini.

Vitu vyangu ni vichache, niviseme viishe. Shamba la Bujora, lile lenye mawe, ni la Nestory na Rebeka, walime pamoja wasilikate vipande. Cherehani ni ya mama yenu, alikuja nayo. Na nyumba hii ya Igoma, pamoja na vile vyumba vya mbele vinavyotazama barabara ya Musoma, ni ya mama yenu Dorotea mpaka siku atakayofumba macho. Hapo ndipo penye maneno, Nestory, kwa hiyo usijifanye unaomba, nakujua unaposinzia.

Nimesikia mliyopanga. Kuta za nyumba hii nilizijenga mwenyewe, ni nyembamba, nami nimelala tu, sijaziba masikio. Mlikaa ukumbini, mtu na baba yake mdogo, mkakubaliana kwamba matanga yakiisha Ndalahwa atasimama mbele ya ukoo, atamrithi mama yenu, atahamia hapa, na vyumba vya mbele atapewa yule mfanyabiashara wa sangara aweke mafriji yake. Mambo ya kurithi wajane nayajua, nimekulia humo. Wazee wetu walisema mwanamke ametolewa ng'ombe wa ukoo, basi ni wa ukoo. Ndalahwa angekuja na hoja ya ng'ombe ningemjibu kwa hoja ya ng'ombe, na anajua mwenyewe ng'ombe wa marehemu baba waliishia kwenye zizi la nani. Sikuwahi kufungua mdomo juu ya hilo, lakini liliniuma, na leo nimelisema.

Lakini hakuja na ng'ombe. Amekuja na Biblia! Na aliyemfungulia ukurasa ni wewe, mwanangu wa kwanza, mchungaji wa kanisa la turubai kule Mabatini. Ulimsomea Torati, ukamwambia ndugu wa marehemu amchukue mjane, ni agizo la Mungu, na mama akikataa atakuwa amemkataa Mungu. Jamani, Nestory. Jamani! Mimi nimefundisha Biblia kila Jumatano, tangu mvua za mwaka wa uhuru, wanawake wakija na ndoo zao za dagaa kutoka mwaloni, wakulima wakija na vumbi la pamba kichwani, wengine hawajui hata kusoma, na wote waliondoka na jambo moja: usiushike mstari mmoja ukakimbia nao. Rudi juu, uone ulianzia wapi. Shuka chini, uone unaishia wapi. Uliza nani anasema, anamwambia nani, na kwa sababu gani. Bibi asiyejua kusoma alikuwa ananiambia, mwalimu, rudi juu kidogo. Na mwanangu mwenye kidato cha nne hawezi kurudi juu!

Mtu akipita chini ya dirisha lako akakusikia unasema, muue, muue haraka, akakimbilia polisi, utasemaje? Si utamwambia angechungulia ndani, angemwona nyoka yuko jikoni? Basi ndivyo mnavyolifanya Neno. Mnapita chini ya dirisha. Kibanda chako cha mitumba umekiandika kwa rangi nyekundu kwamba unayaweza mambo yote. Mtume aliyeandika maneno hayo alikuwa kifungoni, Nestory, anawaeleza wenzake kwamba amejifunza kushiba na amejifunza kulala njaa, na katika hali zote mbili Bwana anamtia nguvu. Wewe umeyafanya ya kuuzia suruali. Sikatai biashara. Tangu nchi ifungue milango kila mtu anauza kitu, na watoto wanakula. Lakini makanisa nayo yanafunguliwa kama maduka, kila moja na mstari wake mlangoni, na anayeingia haulizi mstari huo uling'olewa wapi.

Rebeka, nipe maji. Taratibu, binti yangu. Bado kidogo.

Sasa turudi juu, mimi na ninyi. Torati inasema ndugu wakikaa pamoja. Ndalahwa, wewe unakaa Kisesa, mimi Igoma, na mara ya mwisho kulala chini ya paa moja tulikuwa tunachunga. Haya, hilo tuliache. Inaendelea kusema mmoja wao akifa naye hana mwana. Hana mwana, Nestory! Ndiyo sababu yenyewe ya agizo: mtoto atakayezaliwa achukue jina la marehemu, lisifutike. Sasa nieleze, maana mimi ni mzee na labda nimesahau. Wewe ni nani? Ulipougua surua ukiwa mtoto, nikakufunga kifuani kwa kanga ya mama yako nikapiga baiskeli mpaka hospitali ya Bugando mvua ikininyeshea, nilimbeba nani? Ukimwekea baba yako mstari huo umesema hana mwana. Umejifuta mwenyewe kwa mkono wako. Haya ndiyo yameniuma kuliko tumbo hili, na nasema wazi, yameniuma sana.

Na hata kama nisingekuwa na mtoto, tungeshuka chini. Je, ulipokuwa unamsomea baba yako mdogo ulifika kwenye kiatu? Hukufika. Ndalahwa, hakukusomea kwamba mjane alikuwa anakwenda kwa wazee langoni, anamshitaki yule ndugu asiyetaka kumtunza, anamvua kiatu na kumtemea mate mbele ya watu? Mama yenu anacheka. Mwacheni acheke, hajacheka tangu nilazwe. Oneni basi sheria ile ilikuwa upande wa nani. Siku zile mwanamke asiye na mume wala mtoto alikufa njaa, na Mungu aliweka sheria ili asife njaa. Ninyi mmeichukua sheria ya kumlinda mjane mkaitumia kumtoa mjane kwenye vyumba vyake ili samaki wapate baridi. Kama hamwoni kosa hapo, basi Jumatano zangu zote nilikuwa napoteza mate.

Niinueni. Mto... hapo, hapo panatosha.

Yanayobaki ni machache. Nizikeni Bujora, karibu na mama yangu. Nestory, utaongoza ibada wewe, sitaki mwingine, nasema hivi ingawa nimekukasirikia, maana wewe ni mwanangu. Lakini utasoma sura nzima. Nzima, hata watu wakichoka, hata wapishi wakianza kupiga sufuria. Na kabla ya hapo utamwambia baba yako mdogo kwa kinywa chako, mbele ya ukoo, kwamba baba yako anaye mwana, na mwana huyo atamtunza mama yake. Ndalahwa, sikufukuzi. Njoo kula hapa siku yoyote, wewe ni damu yangu. Utakuja kama shemeji, utapiga hodi, na ukikaribishwa utaingia.

Kuna jambo hamkulifanya, nalo limenishangaza kuliko mengine yote. Mmemuuliza? Mmepanga, mmesoma, mmepima mpaka na upana wa mafriji. Nani kati yenu amemuuliza Dorotea? Mama Nestory, sema. Sema wewe mwenyewe wasikie.

Mmesikia. Amesema hataki. Ni neno fupi, wala halihitaji mchungaji wa kulifafanua.

Rebeka, Mungu akupe moyo wa amani... usilie, unaniziba hewa. Nestory, lete kichwa chako hapa chini ya mkono wangu. Baraka za baba zangu ziwe juu yako, na Mungu wa mama yako... akufungue macho, usome, uelewe, uwahurumie watu. Na wewe Ndalahwa, uende salama. Amina.

Nimechoka. Dorotea... unainuka unakwenda wapi? Mwache Ndalahwa, kiti atatafuta mwenyewe. Usimpishe mtu. Kaa. Hapa ni kwako.