Mwalimu Melchior na Neno Jeunesse

Kaka yetu Melchior Bigirindavyi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966 huko Makamba, Burundi. Mwaka 1972 baba yetu alichukuliwa na vijana wa chama tawala, wale walioitwa jeunesse, yaani vijana kwa Kifaransa, na hatukumwona tena. Mama alivuka nasi kuingia Tanzania.

Melchior alisoma katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora, kisha akasomea historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko aliandika kuhusu vijana wa Ujerumani kati ya vita kuu mbili: jinsi vyama vya kulia na vya kushoto vilivyowavalisha sare vijana wasio na kazi, vikawafundisha nyimbo, kisha vikawatuma mitaani kuumizana. Wenzake walimcheka, Mrundi na Wajerumani wapi na wapi! Hawakujua kwamba ndani ya vijana hao alikuwa anawatafuta waliomchukua baba. Alihitimu mwaka 1992.

Mwaka 1997 alimwoa Candide. Shemeji husema alichumbiwa kwa hotuba ndefu juu ya uchaguzi wa Ujerumani wa 1930, akakubali ili kaka anyamaze. Hakunyamaza.

Walifika Sydney, Australia, mwaka 2007. Alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee mtaa wa Smithfield, na Jumamosi alifundisha vijana wa kanisa letu la Doonside. Walipotaka kikundi chao kiitwe Jeunesse, aligoma kabisa.

“But Tonton, it’s just French!” wakalalamika; Tonton, yaani mjomba, ndivyo walivyomwita.

“Kwenu ni Kifaransa,” akawajibu. “Kwangu ni watu waliogonga mlango wetu.”

Mwaka jana mwanawe Rénovat alijiunga na tawi la vijana la chama kimoja cha nyumbani Burundi, linalokutana Ingleburn, hapa Sydney. Februari mwaka huu kaka aligundulika kuwa na saratani ya ini, lakini kilichomnyima usingizi ni shati la chama alilovaa mwanawe.

“Papa, I’m not those people,” Rénovat alimwambia hospitalini.

“Hata wao hawakuwa hivyo siku ya kwanza, mwanangu.”

Alifariki tarehe 3 Mei, Candide akiwa amemshika mkono. Inauma sana.

Ameacha mjane Candide, binti yake Akimana, mimi mdogo wake Lazare, na Rénovat. Kama Rénovat ametoka chamani hajatuambia, nasi hatujamuuliza. Ila jana tawi lilipopiga simu kuomba vijana wake wabebe jeneza wakiwa na sare, yeye ndiye aliyewajibu: “Hapana. Huyu ni baba yangu, nitambeba mimi.”

Kaka, sasa lala. Mungu akupe amani yake.