Mpira Niliomshonea Baba Yenu

Koma kunitolea macho hayo, Alden, na wewe Thirza acha kumkonyeza kaka yako kana kwamba homa imenipanda kichwani. Kilichooza ni mapafu, akili ingali yangu, na nitakayosema ni kweli, mtake msitake.

Sikilizeni, wanangu. Nyumba ni ya Thirza, pamoja na sindano zangu na kibano cha kushonea mipira. Alden, mitufaha na farasi ni vyako. Lakini kile kikombe cha fedha juu ya meko, kilichochorwa maandishi kwamba baba yenu aliwapita watupaji wote wa ligi ya besiboli kwa kuwakosesha wapigaji mara tatu tatu na kuwatoa, asikirithi mtu. Kitupeni mtoni.

Naogopa. Hamjawahi kunisikia nikisema neno hilo. Naogopa kufa, na kuliko kufa namwogopa wifi yangu Lovina, mjane wa kaka yangu Amasa, hapo ng'ambo ya barabara.

Enzi zile mdakaji alisimama mikono mitupu, bila glavu wala kinyago cha waya, na mpigaji akishakosa mara mbili, mdakaji alisogea mpaka nyuma ya gongo kabisa, maana akiuangusha mpira wa tatu, mpigaji aliruhusiwa kukimbilia kituo cha kwanza, wala hakuhesabiwa kutoka mpaka mpira umtangulie huko. Jotham baba yenu alitupa, Amasa akadaka. Mchezo wa mwisho wa msimu ulipofika, gazeti likaandika kwamba Jotham amelingana na mtupaji mmoja wa Ohio kwa hesabu ya wapigaji aliowatoa, bado mmoja tu ampite. Mpira huletwa na wenyeji. Wenyeji tulikuwa sisi, na mshonaji mimi.

"Tryphena," baba yenu akaniambia, "nishonee kitu watakachokipungia gongo tu, wasikiguse."

Nami, kwa kiburi cha kuitwa mke wa bingwa, nikauloweka uzi wa sufu majini kabla ya kuuzungusha, nikauvuta kwa meno, na ulipokauka ndani ya ngozi ukajikaza kama jiwe. Hakuna mshonaji wa mji huu asiyejua kwamba hilo halifanywi.

Amasa aliupima mkononi. "Dada, huu ni mpira au nyundo?"

"Vidole vyako vimezoea siagi," nikamjibu, watu wakacheka.

"Haya, vikivunjika, ng'ombe wangu utawakamua wewe!"

Mpigaji akakosa mara ya tatu. Mpira ukapenya vidole vya Amasa ukampiga kwenye panja. Baba yenu aliukimbilia mpira kwanza, akamtupia mwenzake wa kituo cha kwanza ili hesabu yake itimie, ndipo akamgeukia shemeji yake. Amasa alikufa Jumanne.

Watu wakasema alikuwa amelewa, kwamba mdakaji mwenye akili timamu hakosi mpira kama ule. Lovina akanijia. "Wifi, ulikuwepo. Waambie hakunywa."

Nikamwambia, kwa kinywa hiki hiki, "Mke hajui yote ya mumewe."

Miaka thelathini na miwili anakaa benchi la nyuma kanisani, peke yake, na mimi napita mbele yake na kofia yangu ya Jumapili.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jana nilitema damu, nikajua kwamba nikichelewa, Amasa ataniuliza habari za mkewe.

Basi msinizike ubavuni mwa baba yenu. Thirza, usiloweke uzi, hata akikuomba mumeo kwa magoti. Alden, ukitupa mpira mtu akaanguka, mwendee mtu. Mungu awalinde, awape... ngoja, nivute pumzi... awape usingizi ambao mimi sikuupata.

Nipe fimbo. Si mkono wako, fimbo. Lovina yuko barazani kwake anamenya viazi, namwona. Mnaona ninavyoshika ukuta? Huo si ugonjwa, ni woga, na woga nao unaweza kutembea. Atanipiga... na anipige. Atanifukuza, nitakaa... nitakaa kwenye ngazi yake mpaka anisikie.

Nyamaza, Thirza. Asinifuate mtu. Mlango... mlango naufunga mwenyewe.